Chungu

Cagliari, Jumanne. Meli yangu ni ya saa mbili usiku.
Nimepanda ngazi mia na ushei hadi mlango wa makumbusho,
jasho likinifuata kama mdai.

Ndani, baridi ya mawe.
Watu wa shaba, warefu kama kidole cha kati,
wamepangwa nyuma ya kioo:
huyu na upinde, yule na pembe kichwani,
na mwanamke mmoja ameketi, kampakata mwana
aliyekwisha kuyashinda mapaja yake.
Nikainama. Pumzi yangu ikamfunika.

Mlinzi, Bonaria, jina limeshonwa kifuani,
akaja na kitambaa, akafuta kioo
bila kunifokea.
Kila siku, alisema, kuna anayepumulia hapo hapo.

Lakini kilichonishika ni chungu,
kiko konani, hakina hata taa yake.
Tumbo lilipasuka zamani, likazibwa kwa risasi.
Mtu alikivunja;
mtu akaona bado kinafaa.
Ukingoni, alama ya kidole gumba.
Nikapima changu hewani. Kinaenea.

Sisi cha mama tulikitupa siku ya arobaini.
Kilikuwa na ufa,
nasi tulikuwa na masufuria, na basi la kuwahi.

Bustani iko chini ya kilima, mwendo wa sigara moja.
Humu mwambani Warumi walichonga birika za maji;
sasa mna kuvu
na paka wawili walioingia bila tiketi.
Kila mmea una jina la Kilatini shingoni
kama mtoto wa bweni.
Nikaipita midungusi, nikaipita mitende mifupi,
nikaukuta mshubiri,
kijivu, miiba pembeni, umenenepa ugenini.

Kijana aliyekuwa akiburuta mpira wa maji, Gavino,
akauliza kwetu tunauitaje.
Nikamwambia. Akauliza unafaa nini.

Sasa nimwelezeje,
kwa Kitaliano changu cha kuombea maji,
kwamba mama alijipaka utomvu huu kwenye ziwa
nilipokuwa na miaka mitatu, kitinda mimba mwenye meno,
sitaki kuacha?
Kwamba nilionja, nikalia,
nikarudi nikaonja tena?
Nikasema tu, kwa lugha yangu, "Chungu,"
na neno likanirudisha kule juu, konani.

Akakata ncha ya jani, akaniwekea kiganjani.
Nikalamba.
Uso wote ukajikunja, miaka arobaini na sita kwa mpigo.
Akacheka hadi mpira ukamponyoka, ukanilowesha viatu.

Kisha akachomoa penseli sikioni
akaandika nyuma ya kibao, kwa herufi kubwa:
MSHUBRI.
Pengo moja, katikati.
Nikaliacha.

Melini waligawa kahawa yenye sukari tele.
Nikakataa.
Ulimi ulikuwa bado na kazi.