Kitu cha Tatu

Nilipewa shilingi elfu kumi na tano
na kikaratasi cha Shomari, mwongozaji wetu:
bastola moja, kisu kimoja, kitu cha tatu utajua mwenyewe.
Filamu ni ya dakika kumi na mbili,
wafu ni wawili,
na mtunza vifaa ni mimi, mwaka wa kwanza,
Sikujua binti Mwinshehe. Jina nalo linanisema.

Nikaanza na kisu.
Cha jikoni kwa mama kinakata kweli, kwa hiyo hakifai.
Nikachonga kingine kwa ubao wa kasha la sabuni,
nikakivika karatasi ya fedha ya sigara,
kikang'aa mpaka kikatia aibu,
kama jino la dhahabu kinywani mwa mwenye madeni.
Nikakipaka masizi ya sufuria.
Ndani ya kamera kikawa kisu.
Mkononi mwa Dihoma kilibaki kijiko.

Dihoma ndiye muuaji wetu. Mtoto mpole,
akimkanyaga kuku humwomba radhi.

Bastola niliikuta sokoni, meza ya mabaki ya Idi:
ya maji, kijani, kizibo cha njano.
"Ya mdogo wako?" akauliza muuzaji.
Nikasema ndiyo,
uongo wangu wa kwanza katika sanaa,
akanipunguzia mia tano.
Nikaimalizia kopo zima la dawa ya viatu,
nikaikwangua mdomo kwa msasa
ionekane imeshakohoa mara nyingi,
nikaijaza mchanga tumboni ipate uzito,
maana mkono haujui kusema uongo:
kitu chepesi huubeba kwa wepesi wake.

Jumatano jioni tukaijaribu, njia ya nyuma ya chuo.
Kibali kilikuwa bado polisi, mezani, chini ya jiwe.
"Dakika moja tu," alisema Shomari.
Dihoma akanyoosha mkono.

Bodaboda akakata kona.

Hakuiona kamera. Tulikuwa tumeificha vizuri,
kama tulivyofundishwa.
Akazima pikipiki, akashuka,
akaweka ufunguo chini, akaweka simu kando ya ufunguo,
taratibu, kama anayepangia wageni vikombe.
"Chukua, kaka. Ila laini niachie,
ina namba ya mwalimu wa mwanangu."

Dihoma akaidondosha. Ikapasuka.
Mchanga ukamwagika njiani, mchanga tu,
na kipande kimoja cha kombe.
Yule bwana akautazama mchanga, akautazama,
kisha akacheka, nasi tukacheka kwa kuwa yeye kacheka.
Lakini alipotaka kuwasha, ufunguo uliitafuta tundu,
ukagonga kushoto, ukagonga kulia,
kama mlevi mlangoni kwake.
Nikaushika, nikamwingizia mimi.
Vidole vyake vilikuwa vya baridi.
Bagamoyo, Februari, vidole vya baridi.

Usiku Shomari aliitazama ile picha mara saba.
"Hii," akasema, "hii ndiyo filamu."
Nikasema, si yetu.
Akasema, mtoto akililia wembe mpe.
Nikasema, huyu hakuulilia, wembe ulimkuta kazini.
Tukagombana mpaka mlinzi akaja na tochi.

Nimeifuta mimi.
Hajaniuliza hadi leo. Nadhani anajua.
Nadhani naye alitaka apatikane wa kuifuta.

Katika daftari la vifaa nimeandika:
Kisu, cha ubao, kimoja. Kipo.
Bastola, ya plastiki, moja. Imevunjika.
Kitu cha tatu: ufunguo wa pikipiki,
umeazimwa kwa Mbaruku, elfu tano kwa siku, na mwenyewe yupo,
kaja na shati la pasi, kauliza kwanza kibali kiko wapi.

Sasa hakuna anayeuawa mbele ya macho yetu.
Dihoma anatoka chumbani, anafika kwenye pikipiki,
anatafuta tundu gizani.
Mara ya nne, mara ya tano, Shomari anasema bado.
Mbaruku anainuka kwenye ndoo aliyokalia:
"Usiutetemeshe mkono, kaka.
Uzuie usitetemeke.
Uzuie sana."