Wino wa Matondoni

Sanduku la serikali,
mjombangu Shee Ali
kanunua na kufuli
kwa mnada wa bomani.

Leo nimelifungua,
kutu nikaibandua,
jina nikalitambua
la nyanyangu, pembezoni.

Yeye jina Mwanajabu,
msomaji wa vitabu
kwa herufi za Arabu
tangu utoto, chuoni.

Mzungu na kalamuye
katangaza: "Asomaye,
mwenye mali, alipwaye,
aingie orodhani."

Akaketi kwenye kiti,
akamsomea beti,
tena kwa nzuri sauti;
kalia mkalimani.

Lakini Bwana Shauri,
bila hata kufikiri,
aliandika dhahiri
"Hajui kusoma", chini.

Bendera ikageuka,
tukachorewa mipaka
na wasopata kufika
kwa miguu bandarini.

Shamba likaenda kule,
kisima jimbo la mbele;
punda wetu siku zile
kavuka bila idhini.

Mbunge wetu wa awali,
Famau wa Bwana Lali,
alikuwa ni wakili
wa kimya humo Bungeni.

Miaka yake mitano
alisema moja neno:
kuomba chupa ya wino
ya shule ya Matondoni.

Wa pili akatwambia
gati imekaribia;
kweli, ikatufikia,
imechorwa kalendani.

Mwaka ule, milolongo
tulipanga kwa maringo,
yetu ikipita lango,
yao watu ishirini.

Karani akahesabu
mara mbili, bila tabu,
akatupa hili jibu:
"Fupi ndefu, nyamazeni!"

Wa nne akabadili
kofia, chama, kauli;
kilichobaki asili
ni foleni visimani.

Juzi, kwenye kura zile,
karani wa wino kule
ni mimi; katika shule
hiyo hiyo, Matondoni.

Akaja mwali wa wiki,
vidole havioneki,
piko, hina: hapabaki
pa wino mwake mkononi.

Nikatafuta, tafuta,
kucha moja nikapata,
tone langu likanata;
akacheka: "Ni la nini?"

Nilitaka kumwambia
ya gati isotimia,
foleni ikanijia;
nikaita: "Haya, nani?"

Leo basi naandika,
chini yake, si haraka,
herufi zinazotoka
kulia: "Yumo, someni."