Kiua

Njia ya Ibra mpaka Maskati naijua kwa vyoo.
Si kwa milima, si kwa mabango.
Pampu ya pili baada ya mzunguko: ufunguo anao Mbangali.
Bidbid, msikiti wa njiani: maji hayakatiki.
Kisha kipande kirefu kisicho na kitu,
na mwanangu Aflah anakanyaga mafuta bila ya kuniuliza.

Miaka sita hivyo.
Mara kumi kwa siku, mara kumi na nne, na damu.
Wifi yangu Shinuna huuita "tumbo lake lile",
kama anamsema jirani asiyelipa deni.

Hospitali, Bausher. Dokta Ibtisam kaweka kalamu mezani.
Aflah anafasiri, macho kwenye viatu,
mtoto wa kiume kumtajia mamake njia ya haja.
Sema, baba, nikamwambia. Mficha uchi hazai,
na wewe nimeshakuzaa.

Basi akasema. Dawa bado ipo:
sindano ile imechoka, iko nyingine,
huenda ikashika, huenda miezi ikapita bure
na vile vidonge vinavyovimbisha uso
viendelee kunila mifupa.

Au utumbo mpana utolewe wote,
mwembamba ukunjwe, ushonwe mfuko ndani kwa ndani,
nijisaidie palepale aliponiwekea Mola.
Mapasuo mawili, pengine matatu.
Na mfuko huo nao una siku zake za kuvimba.

Au tundu kando ya kitovu,
mfuko nje, juu ya ngozi,
na huo ni wa maisha.

Kimya. Dokta anauliza kama nina swali.
Ninalo.
Hilo tundu, ukingo wake unakunjwa?

Aflah kanitazama kama nimeweuka.
Lakini mimi ni mshona kofia.
Miaka arobaini natoboa kitambaa cheupe,
nakunja ukingo, nazungusha uzi,
sindano kwa sindano,
mpaka nguo isahau kwamba ilitobolewa.
Kiua kisichokunjwa ndicho kinachochanika.

Dokta akavuta karatasi, akachora:
ncha ya utumbo inatolewa,
inapinduliwa kama pindo la mkono wa kanzu,
inashonwa na ngozi pande zote.
Nikachukua karatasi ile. Ninayo mpaka leo.

Shinuna alileta asali na habasoda, na swali:
Na sala je?
Nimeshamuuliza shekhe, nikamjibu.
Kila kipindi natawadha upya, nasali.
Mwenye udhuru ana mlango wake,
wala hauko nyuma ya nyumba.

Nesi Jisha, wa Kerala, alikuja na kalamu ya buluu.
Kaa. Simama. Inama.
Akatia nukta.
Nikamwashiria: bado.
Akatandika shuka sakafuni, nikasujudu,
na tumbo likajikunja juu ya nukta yake.
Akaifuta. Akaisogeza vidole viwili juu.

Sikuchagua kwa ushujaa.
Thuraiya wa kitanda cha dirishani, miaka ishirini na mbili,
kachagua mfuko wa ndani, na kachagua sawa.
Yeye ana mapasuo matatu ya kusubiri;
mimi nina macho ya kushona kofia chache tu zilizobaki.

Ni chekundu, kinyevu, kama ndani ya shavu.
Ukikigusa hakiumi. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote.
Mwezi wa sita gundi inateleza kwa jasho,
nimewahi kuoga saa nane za usiku nikilia kwa hasira.
Barazani kwa Shinuna kiliwahi kunguruma,
na wanawake wote wakalitazama birika la kahawa
kana kwamba ndilo lililosema.

Jana tulikwenda Maskati kununua uzi.
Aflah anasema alipunguza mwendo Bidbid,
kwa mazoea, akawasha taa ya kukata kona.
Sikumsikia.
Nilikuwa nimelala.