Mguu wa Batamzinga

Corliss wa kitaluni ananiuliza nataka nyasi za kimo gani,
kana kwamba nimekuja kupima pazia.
Sijui. Miaka arobaini na miwili
kimo cha nyasi zetu kilikuwa kimo cha mashine ya Emil:
vidole vitatu, kila Jumamosi,
mistari imenyooka kama shati lililotoka kwenye pasi.

Sasa mashine imelala bandani, panya wamezaa ndani ya injini,
na mimi nina uwanja mtupu
na mgongo uliokataa kusukuma chochote.

Ananionyesha kwanza zile za kupendeza.
Hii ya China, mashuke ya fedha, laini kama mkia wa paka.
Naipenda papo hapo, halafu naona haya.
"Nzuri," asema, "ila haijui mpaka.
Mbegu zake utazikuta kwa jirani, kisha mtoni,
kisha hutaulizwa tena."
Hii ya Ajentina, ndefu, ya kifahari: Januari yetu itaiua.
Hii ya buluu, kishungi kama nungunungu aliyenuna:
miaka mitatu, halafu inatoboka utosini
kama kofia kuukuu.

Kisha ananipeleka nyuma, kwenye vyungu visivyo na picha.
Humo hamna kitu. Majani matatu, manne, membamba,
ndevu za kijana anayejidanganya.
"Nusa hii."
Nanusa: giligilani, na bisi zilizoungua kidogo.
Ile, mbegu zake huning'inia upande mmoja wa shina
kama nguo zilizoanikwa na mtu mwenye haraka.
Na hii, suke lake hugawanyika mara tatu.
Mguu wa batamzinga.

Hapo nikanyamaza.

Mguu huu naujua.
Uko makaburini kwetu, pembe ya kaskazini,
mahali plau haikuwahi kuingia kwa sababu wafu walitangulia.
Siku tulipomzika bibi yangu Vlasta
nilikuwa na miaka minane, na nyasi zilinipita kichwa,
nyekundu za Oktoba, zikisugua makoti ya wanaume,
na wachimbaji walitukana kwa Kicheki, kwa sauti ya chini,
maana walichimba, walichimba,
na mizizi ilikuwa bado inashuka.
Sepetu mbili zilivunjika mipini.

Fahali wawili wapiganapo, husemwa, ziumiazo ni nyasi.
Huku Nebraska nyati walipigana, wakawindwa, wakaisha.
Nyasi zilikaa chini
zikingoja methali imalizike.

"Mwaka wa kwanza hutaona kitu," Corliss ananionya.
"Wa pili utadhani nimekuibia.
Wa tatu utanipigia simu."
Nina miaka sabini na tisa.
Napiga hesabu, naye anaona kwamba napiga hesabu;
anageuka kukaza bomba ambalo halikuwa linavuja.

Nanunua vyungu sita.
Na nungunungu mmoja, kwa kuwa alininunia.

Halmashauri wataleta barua yao: inchi kumi na mbili, si zaidi.
Walete. Nitawajibu kwa mwandiko mzuri
nikiwauliza kina chao kinaruhusiwa kuwa kiasi gani.

Nawe Emil, usigeuke huko ulipo.
Nimekuachia ukanda mmoja kando ya njia ya kuingilia,
vidole vitatu.
Nitaukata kwa mkasi wa jikoni,
Jumamosi,
nikiwa nimekaa.