Nasoma Bakuli

Saa kumi alfajiri, ukungu wa Chuncheon umetoka ziwani
ukalala mpaka mlangoni pa jiko, kama paka asiye na mwenyewe.
Nawasha majiko manne. La tatu linakataa.
Nalipiga teke, linakubali.
Chipukizi za soya zinaelea kwenye karai,
vichwa vya njano, mikia myeupe,
darasa la mwaka wa kwanza lililokwisha kuchoka.

Woni elfu moja tu, ndiyo bei ya kiamshakinywa hapa.
Sehemu inalipwa na chuo, sehemu na serikali,
na iliyobaki inalipwa na mgongo wangu.
Tiketi ni mia moja na ishirini.
Anayefuata baada ya hapo hupewa pole.

Ghorofa ya pili kuna Ofisi ya Afya ya Wanafunzi.
Wanatuma maswali kwenye simu:
kwa kipimo cha moja hadi tano, wiki hii umelalaje?
Watoto hubonyeza nne. Wote nne.
Nne haimsumbui mtu.
Mimi sekondari sikumaliza, vipimo sivijui.
Nasoma bakuli.

La msichana wa uuguzi hurudi limelambwa:
ana mtihani, na mtihani haumtishi.
Lenye wali uliochimbwa katikati kama shimo la panya,
huyo kaachwa na mpenzi. Mpe siku kumi.
Lakini lililonywewa mchuzi tu, wali haukuguswa,
hilo naliweka kando, nalitazama mara mbili
kabla ya kulitia majini.

Lilikuwa la Da-sol, mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo.
Alikuwa akija saa mbili kasorobo, nywele zimelowa,
anainama, "asante, mama," anakwenda kukaa penye dirisha.
Machi alikula vyote.
Aprili aliacha kimchi.
Mei, mchuzi. Kisha nywele zikawa kavu, zimelala upande mmoja,
kisha siku tisa
tiketi zikaisha bila yeye.

Siku ya kumi nilipanda ghorofa ya pili na aproni yangu,
viatu vya mpira vikilia kwenye sakafu yao safi.
Mshauri, Bi Min-gyeong, akafungua kompyuta, akatafuta jina.
"Mwezi uliopita alijaza nne," akasema.
Nikamjibu: bakuli lake lilijaza moja.
Hakucheka. Alichukua koti.

Waliyoongea chumba namba 507 siyajui.
Si kazi yangu, na sikuuliza.
Ila pazia lake huonekana ukisimama penye mapipa,
na Alhamisi lilikuwa limefunguliwa, kiasi cha kiganja.
Nilisimama pale muda mrefu
kuliko taka zilivyonihitaji.

Akarudi Juni, mvua ikinyesha, mwembamba kama mpini wa upawa.
Nyuma yake kwenye foleni, watu watatu katikati,
Bi Min-gyeong na tiketi yake mkononi,
anasoma ukutani orodha ya vyakula anayoijua kwa moyo.
Nilimpakulia kijana kama wengine. Yai sikumwongezea,
maana yai la ziada mbele za watu ni tangazo.
Lilikuwa chini ya wali.

Bakuli likarudi. Wali nusu. Yai hakuna.
Akasimama kwenye kidirisha cha vyombo, akakohoa,
akatazama vidole vyake, akasema:
"Mama, supu ya leo chumvi imezidi."

Mwanangu, hujui ulichosema.
Mtu aliyekwisha kuaga haoni chumvi.
Chumvi hulalamikiwa
na anayekusudia kurudi kesho.

Kesho yake sikuipunguza.