Jaza Dashi

Swali la tisa:
Mamake anaishi, dashi, Lamu.
A ni ini. B ni oni. C ni ati. D ni tu.

Ndivyo nilivyoyaandika daftarini, kwa tahajia yetu,
niyakariri nikikoroga uji,
nikimfunga Nargisi vifungo vya shule:
ini, oni, ati, tu.
Akacheka. Mama, ini liko buchani.

Hospitali inataka karani wa mapokezi.
Sharti afaulu karatasi ya Kiingereza,
hata kama mgonjwa atakayemwandika ni wa Faza
na Kiingereza chake chote ni panado.
Mimi nina ufagio, miaka sita sasa.
Ati, hilo neno tunalo, la barazani:
ati mfagiaji ataka kukaa dirishani,
ati ana miaka thelathini na mmoja, anaenda tuisheni.

Mwalimu Nzioka, mtu wa Makueni,
anayemwogopa punda kuliko mkaguzi,
alituchorea duara ubaoni.
Lamu ikiwa mji, umo ndani yake.
Lamu ikiwa kisiwa, uko juu yake.
Lamu ikiwa kituo tu, boti inagusa na kwenda zake,
basi upo penye nukta.
Nikauliza: na mtu je? Mwili mmoja,
asubuhi hiyohiyo?
Akafuta ubao kwa kiganja.
Inategemea, akasema,
mtunga swali alikuwa amesimama wapi.

Sisi hatujawahi kusumbuka hivyo.
Nimezaliwa Langoni, nikaolewa Tundani,
nikaachika, nikarudi Langoni na godoro.
Shangazi yuko Mkomani. Shamba la babu lilikuwa Wiyoni.
Mji mzima umening'inia kwenye silabi moja,
ni,
na bado haijakatika.

Na kwa! Maskini kwa, hamali wetu:
kwa mguu, kwa kisu, kwa shangazi,
kwa hasira, kwa heri, kwa nini.
Wenzetu kila mzigo wameuajiria hamali wake,
na ukimtwisha huyu wa yule
unakatwa maksi.

Siku yenyewe tulikuwa sabini, nafasi moja,
ukumbi wa kaunti, panka tatu, moja ikizunguka.
Swali la ishirini na tatu:
Babake alikufa, dashi, malaria.
Kalamu ikagoma.
Nimedeki chini ya vitanda vya wodi ile.
Nimewaona wakifa kwa homa, kwa uzazi,
kwa kuchelewa Mokowe wakingojea boti,
mmoja kwa aibu, hakutaka daktari mwanamume amguse.
Wote walikufa kwa.
Sikujua kwamba kuna kufa ofu.
Nikaandika ofu. Nzioka alitukaririsha
mpaka tukawa tunaiota.

La tisa nililiruka, nikalirudia mwisho.
Dakika tano, akasema msimamizi,
viatu vyake vikilia kwenye sakafu
ambayo mtu kama mimi aliipiga deki alfajiri.
Oni? Juu yake, kama inzi juu ya sahani?
Ati? Mamangu si mtu wa kuteremka na kupanda tena.
Nikafikiri habari za mji huu,
yale maneno ya madirishani mwaka nilioachika,
jinsi yalivyonikata maini,
na jinsi nilivyoamka kesho yake
nikaenda kununua mkate palepale.
Nikachagua ini.
Kama nimepata sijui. Matokeo ni Jumatatu,
yatabandikwa, dashi, ukuta.

Nilipofika nyumbani mamangu alikuwa darini, akianua nguo.
Alisikia mlango, hakuchungulia.
Mwanaarafa, upo?

Nipo, nikasema,
nikavua viatu vya watu.