Miguu Miwili Chini

Usiniulize spidi. Wote huuliza spidi.
Niulize kiti: inchi ishirini na nne kutoka ardhini,
tulikipima kwa utepe wa fundi cherehani,
Chinguile kasimama kwa mguu wake mzima,
ule uliosinyaa kwa polio ukining'inia hewani.

Injini ilikuja Masasi juu ya lori la mbaazi,
kutoka ng'ambo ya Mtambaswala,
silinda mbili zimetanuka kama panda ya manati.
Sisi mafundi wa boda
hatujawahi kufungua kifua kikubwa hivyo.
Pistoni moja ungeweza kunywea uji.

Fremu ya kwanza, ya bomba la maji,
ilipinda Mkuti, mbele ya wauza ndizi.
Ya pili haikupinda;
ilikataa kona kama mbuzi anayepelekwa mnadani.
Ya tatu tukairefusha, tukaulaza uma wa mbele,
tukatupa cheni, tukafunga mkanda,
maana cheni hutema grisi
na Chinguile ana suruali moja tu ya kutokea.
Radieta tuliikata kwenye gari lililofia
nyuma ya ghala la korosho.
Gia tukaipandisha mkononi.
Watu wakacheka: pikipiki gani hiyo, au trekta?
Nilichomelea huku nimenuna.

Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa, tukatoka.
Nilikaa nyuma mimi.
Miaka yote wa nyuma ni yeye,
mzigo na magongo yake, amefungwa mpira kiunoni
asije akadondoka kwenye matuta.
Akafungua moto.
Mikorosho ikawa ukuta mmoja.
Mshale ulifika wapi? Nilifumba macho.
Nimeshakwambia usiniulize.

Kinachonikaa ni kituo cha mafuta, Ndanda.
Akapunguza, akashika breki, ikatulia.
Hakuegemea nguzo.
Hakuniita, "Ruka, Mnyambe, ishike!"
Nyayo mbili zikalala juu ya saruji,
ule mzima,
na ule mwembamba ndani ya kiatu cha mtoto wa shule,
kisigino chote, chote, kimegusa.

Binti wa pampu akaja na mpira wake.
"Nijaze, baba?"

Injini imezimwa, inalia ti, ti, ikipoa.
Chinguile anatazama chini kwenye viatu vyake
kama mtu aliyeokota pesa na hajui ni za nani.

"Ngoja kwanza," akasema.
"Niache nisimame kidogo."